Nani Alibeba?

Mama alipoona jiwe la kwanza lenye kimo cha kukalika, alikaa. Miguu ilikuwa imemvimba. Tulikuwa tumetembea tangu saa nne asubuhi, tukianzia Lango la Brandenburg, nyuma ya mwongoza watalii aliyeinua mwavuli wa njano juu ya kichwa ili tusimpoteze, na hatua zake zilikuwa za kijana wa miaka ishirini na mitano. Mama ana sabini na tano.

Jiwe lilikuwa la zege, la kijivu. Nyuma yake yalipangwa mengine kwa mistari iliyonyooka, na kadiri uwanja ulivyoshuka kuelekea katikati, ndivyo mawe yalivyorefuka hadi kumzidi mtu kimo. Yako 2,711. Mwongozaji alikuwa mbele akiwaeleza wenzetu kwa Kiingereza, nami kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Mama. Nikamwambia, "Mama, hii ni kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa na serikali ya Hitler. Watu kama milioni sita."

Aliinuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mwanangu, umeniacha nikae juu ya makaburi ya watu?"

Nikamweleza kwamba hapakuzikwa mtu pale. Ni ukumbusho tu, ulichorwa na msanifu aitwaye Peter Eisenman na kufunguliwa mwaka 2005. Hakutaka kusikia. Akaweka kiganja juu ya zege, akaomba dua kimoyomoyo, na hakukaa tena mpaka tulipoondoka eneo lile. Tulipofika barabarani akaniuliza, "Na wetu wamewekewa wapi?"

Sikumjibu. Nilidhani ni uchovu.

Ilikuwa Juni 2025, likizo ya shule. Mdogo wangu wa kike ni muuguzi Berlin kwa mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwomba Mama aende akaone anakoishi. Kupata viza kulituchosha kuliko safari yenyewe: mashine ya alama za vidole ilikataa kusoma vidole vya Mama, kwa kuwa jembe la Lindi lilikwisha kuvisugua vikabaki laini kama kokoto za mtoni. Tulirudishwa mara mbili. Hatimaye tukaenda watu watano: Mama, mke wangu, binti yetu wa kidato cha tatu, mwanetu wa miaka tisa ambaye Bibi yake humwita "mume wangu", na mimi.

Siku ya kwanza nilitaka tuanze na matembezi ya kuongozwa, ili tuupate mji kwa mpangilio. Nililipia mtandaoni, saa tatu za kutembea katikati ya mji. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu: nilitazama bei, nikatazama orodha ya vituo, sikuuliza swali moja ambalo mtu mwenye mzazi mzee angepaswa kuuliza kwanza. Tutapumzika wapi? Baada ya kumbukumbu ile, nilipomwomba mwongozaji tusubiri dakika tano, alijibu kwa adabu kwamba ratiba haimruhusu. Mke wangu akabaki nyuma na Mama, mimi nikawa nakimbia mbele kusikiliza na kurudi nyuma kusimulia. Tangu siku ile naamini msafara wa familia hupimwa kwa mguu wa mkubwa wao. Kama ratiba haimtoshi, ratiba ndiyo ibadilishwe.

Lakini kule kukimbia mbele na nyuma kulinifundisha jambo ambalo nisingelipata kama ningemsikiliza mwongozaji kwa masikio yangu tu. Ukitafsiri, huwezi kuruka neno. Alitusimamisha kwa muda mrefu kwenye eneo la kuegesha magari, la kawaida kabisa, ambalo chini yake ndipo lilipokuwa handaki alimojiulia Hitler mwaka 1945. Picha zikapigwa. Kisha tukashika mtaa wa Wilhelmstraße, akasema huku anatembea kwamba huu ulikuwa mtaa wa wizara, na kwamba katika karne ya 19 Ujerumani nayo ilipata makoloni kadhaa Afrika. Ni sentensi moja tu. Nikarudi nyuma nikamwambia Mama: Ujerumani ilipata makoloni Afrika.

"Iliyapata kwa nani?"

Nilisimama. Kwa Kiingereza sentensi ile ilinipita masikioni bila kunikwaruza. Kwa Kiswahili cha Mama haikuwezekana ipite, maana mtu hapati kitu bila aliyempa, au aliyemwibia, au aliyekipoteza. Nikakosa la kusema.

Wakati huohuo binti yetu alikuwa amemfikia mwongozaji. Alikumbuka somo la historia, akamuuliza kama Mkutano wa Berlin haukufanyika karibu na hapo. Yule kijana akasema ndiyo, ni hapahapa mtaani, ila hautajwi katika matembezi ya leo. Akainua mwavuli, tukaendelea kuelekea kilipokuwa kituo cha ukaguzi cha Checkpoint Charlie, penye maduka ya kofia za kijeshi na vipande vya ukuta.

Sisemi ukuta ule ni jambo dogo. Ulijengwa kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, ukaanguka tarehe 9 Novemba 1989, na familia zilizokatwa katikati na ukuta ule nazifahamu kidogo kwa kusoma na kwa kusikia. Mke wangu alilia mbele ya picha ya bibi akipunga leso kwa wajukuu walio ng'ambo. Ninachosema ni kwamba mji una kumbukumbu nyingi, na anayekuongoza anachagua zipi akufungulie. Usipojua kinachokuhusu, hutajua kwamba umekipita.

Jioni ile mdogo wangu alitoka kazini akatukuta tumekaa kimya. Alipopata habari, akasema, "Kaka, twendeni turudi. Mchana bado mrefu." Na kweli, mwezi ule jua la Berlin huzama saa tatu na nusu usiku, Mama alikuwa akisali magharibi wakati ambao Lindi watu wamekwisha kulala. Tukarudi Wilhelmstraße kwa treni, taratibu, tukiwa na kiti kidogo cha kukunja ambacho tangu siku hiyo hakikutoka begani mwangu.

Jumba la Kansela Bismarck ambamo mkutano ulifanyika halipo tena. Liliharibiwa katika Vita vya Pili na kubomolewa, na mahali pake zimesimama nyumba za ghorofa zilizojengwa na iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Watu wanaanika nguo barazani. Kuna bango la maelezo kando ya njia, ambalo mtu mwenye haraka halioni. Tulikifungua kiti, Mama akaketi mbele yake, binti akasoma, mimi nikafasiri.

Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14, Marekani na Uturuki zikiwemo, walikaa pale kujadili Afrika. Mwafrika hakuwepo hata mmoja. Binti alikuwa amefundishwa kwamba waliweka ramani mezani wakaikata kwa rula. Shangazi yake, ambaye amesoma mengi juu ya mambo haya kwa kuwa anaishi nayo, alimrekebisha: mkutano ulipatana zaidi juu ya kanuni, kama biashara huria katika bonde la Kongo, na masharti ya taifa kudai pwani kuwa yake. Mistari mingi ilichorwa baadaye, mataifa mawili mawili. Mpaka wetu na Kenya, ule unaokwenda kama rula kisha ukauzunguka Kilimanjaro, chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Na siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Mfalme wa Ujerumani alitia saini hati ya kumlinda Carl Peters, aliyekuwa amerudi kutoka Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami akiwa na makaratasi ya Kijerumani yenye alama za machifu ambao Kijerumani hawakukijua.

"Haya," Mama akasema. "Sasa umenijibu. Aliyapata kwa karatasi."

Kesho yake hatukulipia mwongozaji. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini akatuongoza mwenyewe, na niseme wazi kwamba hakuna kampuni ambayo ingetupa siku kama ile. Alitupeleka Wedding, kaskazini ya mji, kwenye eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika. Mwanetu aliposoma vibao alidhani anachezewa: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Sehemu hiyo ilianza kupewa majina kabla ya Vita vya Kwanza, wakati mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alipokusudia kuweka jirani yake bustani ya kuonyesha wanyama wa makoloni, na watu pia. Watu, kuonyeshwa. Vita vikauzuia mpango ule. Mke wangu alimshika mwanetu mkono tulipokuwa tukielezwa hayo, na hakumwachia kwa muda.

Halafu tukafika penye kibao kilichoandikwa Maji-Maji-Allee.

Zamani barabara ile ilikuwa na jina la Carl Peters huyohuyo. Ilipewa jina hilo mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler. Mwaka 1986 wakuu wa mji walitamka kwamba tangu sasa Peters anayekusudiwa ni mwingine, bila kubadili jina. Watu wenye asili ya Afrika na wenzao Wajerumani waliendelea kudai kwa miaka, baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani kupinga, na Agosti 2024 jina likaondoka. Kipande kimoja cha barabara kikapewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, kingine kikapewa jina la vita vyetu.

Mama alisoma mwenyewe. Kusoma alijifunza katika elimu ya watu wazima, na husoma kwa sauti. "Ma-ji. Ma-ji." Akageuka akatutazama sote, akaanza kusimulia pale pale kando ya njia, watu wakitupita na baiskeli.

Bibi yake mzaa mama alikuwa mtoto wakati wa Maji Maji. Hakumsimulia habari za dawa wala za risasi, alimsimulia njaa. Askari walichoma maghala na mashamba, watu wakaingia porini kuchimba ming'oko, na ming'oko yenyewe ikaisha, wakachimba mizizi ambayo jina lake mtu hulitaja kwa kunong'ona. Wadogo zake watatu hawakutoka porini. Nimezaliwa na kukulia katika nyumba ya Mama, nimekula naye ming'oko kila msimu, nimefaulu mitihani niliyoulizwa miaka ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na sikuwahi kuyasikia haya. Nilimuuliza kwa nini hakutusimulia. Akasema, "Hamkuniuliza. Mlikuwa na vitabu vyenu."

Wanahistoria wanatofautiana juu ya waliokufa. Makadirio yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa. Watatu kati yao sasa nina undugu nao ninaoujua.

Siku ile pia tuliona kijibamba cha shaba, upana wa kiganja, kilichopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mtaa wa Brunnenstraße namba 193. Ni cha Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto bado, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hawakumlipa. Alibaki, akawa mhudumu wa mezani, akacheza kwenye filamu, akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwanetu alichuchumaa akakipangusa kwa mkono wa sweta. Akauliza huyu mwalimu alisomesha darasa la ngapi.

Usiku, baada ya chakula, Mama akalirudia lile swali nililodhani ni la uchovu. Mdogo wangu alijua jibu, na nadhani alikuwa ameliogopa kwa miaka. Alisema wengine wamo kwenye maboksi. Makumbusho ya Berlin yana mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi hizo, mengi kutoka Rwanda ya leo, mengine kwetu na machache Kenya. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi yao na ndugu walio hai Tanzania. Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa mwaka 1900, ukoo wake umekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo wa 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa walionyongwa wakati wa Maji Maji.

"Hawajazikwa?" Mama aliuliza.

"Hawajazikwa, Mama."

Alikwenda kutawadha. Hatukuzungumza tena usiku ule. Nilikaa nikiwaza juu ya yale mawe 2,711 aliyokataa kuyakalia ingawa hapana maiti chini yake.

Siku ya tatu tulikwenda Makumbusho ya Viumbe Asilia, mtaa wa Invalidenstraße. Mwanetu alikuwa akiingoja siku hii tangu Dar es Salaam, na ukumbi wa kwanza tu ukampa alichokitaka: mjusi mkubwa wa kale, Giraffatitan, mifupa iliyosimamishwa kwa kimo cha mita 13.27, mirefu kwenda juu kuliko mifupa yote ya namna hiyo iliyosimamishwa duniani. Mfupa wake wa juu wa mguu wa mbele peke yake unazidi mita mbili. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Watoto wa Kijerumani walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama, na wetu akalala nao.

Nikamsomea Mama: alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913.

"Lindi ipi?"

"Lindi yetu, Mama."

Akatembea polepole kumzunguka mnyama mzima, kutoka mkia hadi kichwa kilichopotelea juu karibu na paa. Nilimfuata na kiti. Aliporudi mbele akaniuliza, "Tendaguru ni mbali na bandari. Nani alibeba?"

Ndilo swali ambalo wageni wote waliokuwa wakipiga picha hawakuuliza, nami nisingeuliza. Mama ametwika maji, kuni, mihogo na watoto maisha yake yote; akiona mzigo anamtafuta mbebaji. Na jibu lipo. Walibeba wapagazi, mamia, kichwani na mabegani, mwendo wa kama siku nne hadi Lindi, mifupa ikiwa imefungwa kwa udongo na mianzi. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Wanasayansi Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, ndio walioongoza kwa jina, lakini aliyesimamia uchimbaji siku kwa siku alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye kaburi lake silijui lakini jina lake limo katika sayansi: mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru aliitwa kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Na mwaka 1909 ni miaka miwili tu baada ya vita. Watu wale walipanga foleni ya kibarua wakiwa wametoka kwenye njaa ileile.

Binti yetu alifanya hesabu hiyo kabla yangu. Alisema, "Bibi, huenda bibi yako aliwaona wakipita."

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alimwita mjukuu wake, "Mume wangu, inuka hapo chini. Njoo nikwambie waliobeba." Akaketi kwenye kiti chake cha kukunja chini ya shingo ya mnyama yule, akaanza, kwa sauti ya mtu aliyeko barazani kwake, na familia moja ya Wajerumani ikasimama kusikiliza ingawa hawakuelewa neno. Alipomaliza, mama wa familia ile alimuuliza mdogo wangu Bibi amesema nini. Naye akawatafsiria, kwa Kijerumani, kuanzia ming'oko.

Ndugu msomaji, kama unajiandaa kuwapeleka wanao Ulaya, na kama mzazi wako yu hai, usimwache nyumbani kwa kisingizio cha umri na baridi. Kabla ya kukata tiketi, keti naye jioni mbili tatu umuulize alisikia nini kwa bibi yake. Mwongozaji utakayemkuta kule, hata awe mwema namna gani, hatakuwa na habari hiyo.

Sisi tulirudi mwanzoni mwa Julai. Tendaguru ipo kilomita sitini hivi kutoka Lindi mjini, na katika familia yetu hakuna aliyewahi kufika. Tumepanga kwenda Septemba, kabla mvua hazijaharibu njia. Kiti cha kukunja kimekwisha kutangulia Lindi.